Gia ya Tano Katika Landrova Kongwe

Si ajabu kwamba watu wetu walioko Uingereza, wakipata nafasi ya kuegesha, huitamani Landrova. Ndiyo gari ya bwana shamba na ya polisi tuliyoizoea tangu utotoni. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na ile iitwayo Series III iliundwa kuanzia 1971 hadi 1985. Mapenzi hayo hupata mtihani siku ya kwanza ya kuingia barabara kuu iendayo Birmingham. Kwa mwendo wa maili 50 kwa saa injini hulia, maongezi ndani ya gari hukoma, na malori hupita yakipiga honi. Hapo ndipo mwenye gari huanza kuulizia giaboksi ya gia tano.

Inayopendekezwa mara nyingi ni LT77, iliyotumika katika Landrova ya One Ten tangu 1983, ama mrithi wake, R380, ya mwaka 1994. Ni vyombo vizuri, hatuna ugomvi navyo. Walakini twawasihi wenzetu wafanye hesabu kabla ya kushika spana.

Nguvu ya injini haitoki kwenye giaboksi ikafika magurudumuni moja kwa moja. Hupita kwanza katika transfa, kisha katika difu, na kila kimoja hupunguza mzunguko kwa kiwango chake. Katika Series III ya kawaida yenye silinda nne, transfa hupunguza mara 1.148 na difu mara 4.7. Tukizidisha twapata 5.40, yaani katika gia ya nne injini huzunguka mara 5.40 kila gurudumu lizungukapo mara moja. Sasa LT77 aghalabu huuzwa ikiwa imeshikana na transfa yake, LT230, na zile zilizotoka katika One Ten za mwanzo za silinda nne zina kiwango cha 1.667. Zidisha kwa difu yako ya 4.7, kisha kwa gia ya tano, ambayo ni kama 0.8. Jibu ni 6.27. Baada ya fedha zote hizo, na Jumamosi kadhaa chini ya gari, injini italia kuliko ilivyolia kwanza! Transfa ya Discovery za mwanzo, yenye kiwango cha 1.222, huleta 4.59, na hiyo ni nafuu ya kweli.

Hata hivyo LT230 huendesha magurudumu yote manne wakati wote, ilhali ekseli ya mbele ya Series ina krosijointi za kawaida, ambazo hutikisa usukani gari likatapo kona. Tena mkusanyiko huo ni mrefu kuliko wa asili. Propela ya mbele hurefushwa, ya nyuma hufupishwa, na katika gari fupi la inchi 88 mafundi hufikia kukata boriti ya chesesi.

Hapo tusimame kidogo. Gari lililopita miaka 40 huweza kusamehewa kodi ya barabara, na ukaguzi wa MOT pia, iwapo halikufanyiwa mabadiliko makubwa katika miaka 30 iliyopita. Chesesi iliyokatwa ni habari nyingine. DVLA hupaswa kuarifiwa, na kampuni ya bima vilevile, kabla ya ajali na si baada yake.

Kwa maoni yetu, mwenye giaboksi nzima ya zamani atafute ovadraivu, kifaa kidogo kifungwacho nyuma ya transfa ileile. Iliyotengenezwa na Fairey hushusha ile 5.40 hadi kiasi cha 4.22, bila kugusa chesesi. Ina kelele zake, na oili yake ni kidogo, hivyo hupimwa mara kwa mara. Giaboksi inayoruka gia itengenezwe kwanza. Ovadraivu haiponyi ugonjwa huo. Anayeshikilia gia tano atafute kiunganishi cha kuifunga LT77 kwenye transfa ya zamani. Atapata kama 4.32, na magurudumu ya mbele yataendelea kuunganishwa kwa wenzo pale tu yanapohitajika.

Breki za Series ni za ngoma, mbele na nyuma. Gia ya tano haiongezi hata inchi moja ya uwezo wa kusimama, kwa hiyo utulivu wa injini usigeuzwe kuwa mbio, hasa watoto wakiwa nyuma.

Na wale wanaokusudia kulisafirisha gari nyumbani, waandike katika karatasi kila kipande kimetoka katika gari gani na la mwaka gani: sahani ya klachi, beringi, sili, propela. Fundi wa Tanga akiagiza klachi ya Series III, naye chini ameshika giaboksi ya Discovery, gari litalala uani miezi mingi. Karatasi hiyo ikae pamoja na kadi ya gari, na nakala abaki nayo mtu wa huku.