Fungua Seva, Lakini Anza na Yako

Kuna faili kwenye kompyuta yangu linaitwa stoo_final_mpya2_HII_NDIYO.zip. Nimelitunza kama mtu anavyotunza barua ya kufutwa kazi, maana ndiyo kazi lililofanya.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, karo imekataa kabisa, nikawa naandika makala za watu mtandaoni na kufanya vibarua vya programu hapa Kisumu. Mimi na wasee wawili tukapata kazi ya kutengeneza mfumo wa stoo wa duka moja la vifaa vya ujenzi. Kila mtu alikuwa na nakala yake. Ukimaliza sehemu yako unaifunga zipu, unaitupa kwenye WhatsApp, mwenzako anapakua na kuendelea. Mwezi wa pili hesabu ya mabati ikaanza kudanganya. Bidhaa zilizorudishwa na wateja zilikuwa haziongezwi tena kwenye stoo. Mstari mmoja wa programu ulikuwa umepotea. Nani aliufuta? Lini? Mwenye duka hakuwa na wakati wa maswali hayo. Alitafuta mtu wa kubeba lawama, akampata yule aliyeacha chuo. Awamu ya mwisho ya malipo sikuiona.

Pesa nilishasahau. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba sikuweza kujitetea, kwa sababu hata mimi sikujua. Pengine ni mimi kweli niliyeufuta usiku mmoja nikiwa na usingizi. Zile zipu zilituonyesha programu ilivyo sasa, lakini hazikutuambia imefikaje hapo.

Kwa hivyo nikisikia jamaa akisema, "Omera, Git ni ya makampuni makubwa, sisi ni watu watatu tu," huwa natamani kumtumia hilo faili. Watu watatu wasio na mkataba, wasio na ofisi, wanaolipwa kwa M-Pesa mwenye kazi akijisikia, ndio wanaohitaji Git kuliko mtu yeyote. Kampuni kubwa ikigombana na mteja ina wakili. Wewe una nini?

Kwa wale ambao hawajawahi kuitumia: Git ni programu inayotunza historia ya kazi yako. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya timu ya Linux kunyimwa ruhusa ya kutumia bure chombo walichokuwa wakikitegemea. Kila ukimaliza hatua moja unafanya komiti (sio Kamiti ya jela, ingawa kuna watu wanaikimbia vilevile). Git inahifadhi hali ya mafaili yote wakati huo, jina lako, saa, na ujumbe wako wa kueleza kwa nini ulibadilisha. Kila komiti ina alama yake, kama alama ya kidole, inayopigwa hesabu kutokana na yaliyomo pamoja na alama ya komiti iliyotangulia. Ukigusa ya zamani, alama za zote zilizofuata zinabadilika. Na kila aliyechukua nakala ya mradi kwa kawaida amechukua historia yote, kwa hivyo ukichezea nakala yako, ya mwenzako inakuumbua.

Wengine husema, "Mimi sina bando." Git haidai bando. Mnachanganya Git na GitHub. GitHub ni mahali pa kuweka nakala mtandaoni. Git yenyewe iko kwenye kompyuta yako. Stima ikipotea Nyalenda na betri ina saa moja, bado utaandika, utafanya komiti kumi, na kuzituma kesho ukipata WiFi ya mtu. Hicho kisingizio kimeisha.

Na usiniambie ni mambo ya kizungu. Nenda Dunga uangalie chama cha akina mama wanaouza omena. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mweka hazina akikosea hesabu kitabuni, hapaki rangi nyeupe juu yake. Anapiga mstari mmoja, namba ya zamani inaendelea kusomeka, anaandika mpya kando na kutia sahihi mbele ya wenzake. Akichana ukurasa, siku hiyo chama kimekufa. Wale akina mama hawajawahi kusikia git revert, lakini wanaifanya kila wiki. Sisi tuliosomea kompyuta ndio tunaochana kurasa.

Chama kama hicho ndicho kilichonifundisha upande wa pili wa jambo hili. Mwaka uliofuata nilitengenezea kikundi kimoja mfumo wa mikopo, pamoja na msee mwingine. Safari hii niliweka sharti: Git kuanzia siku ya kwanza, ama tafuteni mtu mwingine. Miezi kadhaa baadaye mama mmoja akanipigia. "Nyathina, deni langu linanenepa. Mnalilisha nini?" Alikopa 5,000 kwa riba ya asilimia 10 ya mkopo kila mwezi. Baada ya miezi mitatu alitakiwa kudaiwa 6,500. Mfumo ulisema 6,655. Yaani riba ilikuwa inazaa riba, kitu ambacho kikundi hakikukubaliana. Tofauti ni shilingi 155. Ukiona ni kidogo, hujawahi kutafuta nauli ya kupeleka ndoo ya omena sokoni.

Moyoni nilishajua ni nani. Yule mwenzangu alikuwa mtu wa haraka haraka. Nikaketi na git bisect. Unaiambia: hapa hesabu ilikuwa sawa, hapa imeharibika. Inakupeleka katikati. Unajaribu ule mkopo wa 5,000, unasema sawa au mbaya, inatupa nusu na kukupeleka katikati ya nusu iliyobaki. Tulikuwa na komiti kama 120. Nilijaribu mara saba tu. Ya saba ikanionyesha mstari wenyewe, saa saba na dakika kumi usiku, ujumbe umeandikwa "marekebisho", na jina lililokuwa pale ni langu.

Nilikaa nikaliangalia hilo jina muda mrefu. Kisha nikampigia mweka hazina nikamwambia ni mimi niliyekosea, kosa lilianza tarehe fulani, na mikopo iliyoguswa ni hii hapa. Nikaigeuza ile komiti kwa git revert, kosa likabaki kwenye historia na sahihisho likaandikwa juu yake. Waliolipa zaidi wakarudishiwa. Kazi sikuipoteza. Mara ya kwanza nililaumiwa bila ushahidi nikafukuzwa. Mara ya pili ushahidi ulinikamata nikabaki. Na bila ule ushahidi ningemsukumia mwenzangu lawama, kama vile nilivyosukumiwa mimi.

Nadhani hii ndiyo sababu halisi watu wanaichukia historia. Ugumu wa Git ni kisingizio. Ziko amri kama kumi tu za kila siku, na watu wanaojua njia zote za kupata bando la bure hawashindwi na amri kumi. Wanachoogopa ni jina lao kuonekana.

Ndiyo maana hata wanaoitumia wanaitumia kwa ujanja. Fungua repo za vijana wengi usome ujumbe wa komiti: "update", "update", "fix", "fix tena", "asdf". Huo ni ushahidi wa kijana aliyeambiwa na mwalimu "lazima uwe na GitHub" na hakuambiwa kwa nini. Andika sababu: "Riba ihesabiwe kwa mkopo wa awali tu, kikundi kilivyokubaliana Jumanne." Miezi sita baadaye huo mstari ndio utakuokoa, maana programu inasema inafanya nini lakini haisemi ni nani aliyeomba hivyo.

Halafu kuna wale wa git push --force kwenye tawi ambalo watu wote wanafanyia kazi. Msee anakwama, anaona njia ya mkato, anabandika historia yake juu ya ya wengine. Kazi ya mwenzake ya wiki nzima inatoweka kwenye seva. Ukifanyiwa hivyo usikate tamaa: kimbia kwenye kompyuta yako, andika git reflog, utaona ulikopita kwa wiki kadhaa nyuma na uirudishe. Kisha mwite huyo jamaa mketi mbele ya wenzenu, kama chama kinavyoketi.

Na wale wanaoacha funguo za Daraja, zile za kuunganisha mfumo na M-Pesa, ndani ya faili na kuzirusha hadharani. Wakishtuka wanafuta faili, wanafanya komiti nyingine, wanalala. Komiti ya juzi bado inazo, na yeyote anaweza kuisoma. Futa hizo funguo zenyewe kwanza, utengeneze mpya, ndipo ushughulikie repo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo Kisumu haihitaji kufundishwa. Mwaka 2017 mji huu uliimba maneno mawili: fungua seva. Mahakama ya Juu iliamuru tume ya uchaguzi iruhusu seva na kumbukumbu zake zikaguliwe. Amri haikutekelezwa kama ilivyotolewa. Tarehe 1 Septemba, majaji wanne dhidi ya wawili walifuta uchaguzi wa urais, na kule kutotii kukawa sehemu ya hoja dhidi ya tume. Uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26 haukufanyika hapa, wala Siaya, Homa Bay na Migori. Watu waliumizwa, wengine walizikwa. Swali lilikuwa lile lile la mabati: nani alibadilisha nini, saa ngapi? Mwaka 2022 fomu 34A za vituo ziliwekwa kwenye tovuti ya umma, kila mtu akajumlisha mwenyewe. Bado tulibishana mpaka mahakamani, lakini kila mmoja alikuwa na fomu za kuonyesha.

Nina haki ya kuidai serikali kumbukumbu, na nitaendelea kudai. Kila mfumo unaolipiwa na ushuru wetu, kuanzia vibali vya soko hadi basari, unapaswa kuwa na historia ambayo mkaguzi huru anaweza kuifungua. Lakini mifumo hiyo haishuki kutoka mbinguni. Inaandikwa na watu kama sisi, waliojifunza kazi kwa zipu za WhatsApp na push --force. Kijana anayefuta historia ili bosi asione kosa lake leo, kesho atapewa seva ya kaunti. Atafanya nini siku mkubwa akimwomba afute kidogo tu?

Mimi sina digrii ya kukuonyesha. Nina repo ya chama, na ndani yake kuna komiti ya saa saba usiku yenye jina langu na kosa langu. Mteja mpya akiuliza kama naaminika, hiyo ndiyo ninayomfungulia kwanza. Wewe ungefungua yako?