Aliyepanda na Aendaye kwa Miguu: Barabara za Mvita ni za Nani?

Miongoni mwa adabu ambazo watoto wa Pwani hufunzwa mapema ni ile ya salamu: ya kwamba aliyepanda ndiye amsalimuye aendaye kwa miguu, aendaye ndiye amsalimuye aliyeketi, na walio wachache ndio wawasalimuo walio wengi. Ni mafundisho ya Mtume (S.A.W.), na wala hayakuwekwa bure. Aliyepanda yuko juu, ana mbio, na ana nguvu ya kudhuru. Basi ikatakiwa yeye ndiye aanze kunyenyekea. Siku hizo kipando kilikuwa farasi au ngamia. Leo katika mji wetu wa Mombasa kipando ni motokaa, na salamu ambayo aliyepanda humpa aendaye kwa miguu ni honi.

Twalitaja jambo hili katika ukurasa wa utamaduni, wala si katika ukurasa wa habari za barabara na mitaro, kwa sababu twaamini ya kwamba kabla barabara haijaharibika kwa mashimo huharibika kwanza kwa desturi. Lami huweza kutengenezwa kwa wiki mbili. Dharau ya mwenye gari kwa asiye na gari haitengenezeki kwa wiki mbili.

Kisiwa cha Mombasa si kikubwa. Kutoka Kivuko cha Likoni mpaka Daraja la Nyali ni mwendo usiozidi maili nne, na njia karibu yote ni tambarare. Hakuna mlima wa kumtoa mtu jasho, wala baridi ya kumkaza viungo kama ile ya Limuru. Mtu mzima mwenye afya huumaliza mwendo huo kwa baisikeli kwa nusu saa, tena bila ya haraka, na pumzi ya kumsalimu jirani imesalia. Hata hivyo, nenda ukaangalie asubuhi watu wanapokwenda kazini, au jioni wanaporudi. Utaona motokaa zimepangana kama tasbihi, kila moja na mtu mmoja ndani, madirisha yamefungwa, na kila dereva amemkasirikia yule aliye mbele yake. Pembeni, baina ya mtaro na magari yaliyoegeshwa, mamia ya watu wapita kwa ubavu.

Wala ubaguzi huu wa njia haukuanza jana. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwapo Mombasa vigari vilivyopita juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na watu. Waliokaa juu, chini ya kivuli cha turubai, walikuwa maafisa wa Kiingereza na matajiri. Waliosukuma huku wakikimbia juani walikuwa wenyeji. Reli zile zimekwisha ng'olewa zamani, lakini fikra yake haikung'olewa: ya kwamba njia hutengenezwa kwa ajili ya aliyeketi, na aliyesimama kwa miguu yake ajitafutie pa kupita.

Likaja daraja la kuelea la Nyali mnamo 1931, na lile la saruji likafunguliwa 1980. Mji ukavuka maji. Watu wakajenga Kisauni, Bamburi, Shanzu, mpaka Mtwapa, na mwendo wa kwenda kazini ambao zamani ulikuwa wa kutoka Majengo hadi Kilindini ukawa ni safari kamili. Hapo ndipo basi lilipohitajiwa zaidi. Wengi wetu twayakumbuka mabasi makubwa yaliyokuwa na vituo vyake, na kondakta mwenye mkoba wa ngozi na tikiti mkononi. Hatusemi yalikuwa pepo. Yalichelewa, yalijaa, na wakati wa mvua yalivuja. Lakini bibi mwenye buibui lake alipanda kwa mlango, akaketi kitini, akashuka kituoni, na hakuna aliyemshika mkono.

Kisha mnamo 1973 Mzee Kenyatta akatoa ruhusa kwa matatu kubeba abiria bila ya leseni zile zilizokuwa zikidaiwa, na kuanzia hapo mambo yakabadilika. Jina lenyewe latokana na mapeni matatu, senti thelathini, nauli ya siku hizo. Yafaa tuwe waadilifu: lau si matatu, mtu wa kipato kidogo wa Changamwe au Kongowea angalikwenda na nini? Vijana wangapi wamejenga nyumba na kusomesha wadogo zao kwa kazi hiyo? Tunalolilaumu ni lile lililoachwa lizoeleke. Sheria za mwaka 2004, zile ambazo watu waliziita za Michuki, zilileta mikanda ya viti, mstari wa manjano na hesabu ya abiria, na kwa muda watu wakapumua. Leo panda matatu jioni uone. Viti vimejaa, na mlango bado uko wazi.

"Shangazi, hebu songa kidogo, ni mmoja tu huyu."

"Mwanangu, nisonge wapi tena? Nitoke dirishani?"

Watu hucheka, na gari huondoka. Lakini mama yule hakucheka. Amebanwa baina ya wanaume wawili asiowajua, muziki wamtikisa kifua, na alipokuwa akipanda makanga alimshika kiwiko kama ashikaye gunia. Kwa watu wanaojigamba ya kwamba ni watu wa stara, hili si jambo dogo. Kuna wanawake wengi wa mji huu ambao hulipa nauli ya tuktuk, iliyo ghali kuliko ya matatu, si kwa ufahari bali kwa kutafuta heshima yao. Na kuna mabwana ambao wamechukua mikopo isiyolingana na mishahara yao, wakanunua motokaa kuukuu zilizotoka Japani, kwa sababu hiyo hiyo: ili wake zao na binti zao wasibanwe njiani. Hatuwezi kuwalaumu. Lakini kila anayeikimbia matatu kwa kununua gari huongeza gari moja katika foleni, na foleni ikirefuka matatu nayo hukawia, na makanga hutaka abiria zaidi ili afidie safari alizopoteza.

Baisikeli nayo tumeitenda nini? Zamani baisikeli ya Raleigh ilikuwa mali ya kutajwa katika wasia. Maalim alikwenda nayo chuoni, upindo wa kanzu umekunjwa usinaswe na mnyororo. Muuza mikate alikuwa nayo, na mvuvi aliyetoka kununua pwezi, na karani wa bandarini. Leo baisikeli mjini imekuwa alama ya ufukara. Kijana akija kuposa kwa baisikeli, hata kama hana deni la mtu na kibarua chake ni cha halali, mashangazi hutazamana. Mwenzake akija na gari la kuazima, huulizwa kama atapenda chai ya maziwa au ya rangi. Na harusi zetu! Nikaha ya dakika kumi hufuatwa na msururu wa magari yenye kupiga honi mtaa mzima, hospitali ipo, wagonjwa wapo, na wanaokwenda kwa miguu wakikimbilia barazani kujiokoa. Sijui ni kitabu gani kilichoifunza desturi hiyo.

Wenzetu wa Tanga hawajafikia hapo. Kule mwanamke hupanda baisikeli yake, ushungi umefungwa vizuri, kikapu mbele, akaenda sokoni akarudi, na hapana anayegeuza shingo.

Tusidhani kwamba haya ni maneno ya adabu tu. Mwaka 2023 zaidi ya watu 4,300 walikufa katika ajali za barabarani nchini Kenya, na kama ilivyo mwaka baada ya mwaka, kundi lililopoteza watu wengi zaidi ni la waendao kwa miguu: zaidi ya thuluthi moja ya maiti zote. Yaani anayekufa zaidi ni yule ambaye hakuwamo garini kabisa. Alikuwa akivuka kwenda dukani, au akirudi chuoni na juzuu yake mkononi.

Nao hao ndio wengi. Hata Nairobi, mji wa magari kuliko yote nchini, wanaokwenda kazini kwa motokaa zao wenyewe hawafiki wawili katika kila kumi. Waliobaki hutembea au hupanda matatu na mabasi. Lakini fedha kubwa zilikwenda wapi? Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya juu kwa juu, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, ya kulipia, na mwenye baisikeli haruhusiwi kuikanyaga. Huku kwetu tumejengewa njia ya Dongo Kundu yenye madaraja yake marefu, na twashukuru, kwa kuwa malori na watalii hawalazimiki tena kupitia kivukoni. Ila mtu wa Likoni afanyaye kazi Ganjoni haimfai kitu. Yeye bado ni wa kivukoni, pamoja na wenzake zaidi ya laki tatu wavukao kila siku, hali magari yavukayo ni elfu chache tu. Na ni nani hungojea juani akisukumana, na nani huketi ndani ya gari lake akisikiliza redio mpaka apungiwe mkono aingie? Mahali hapa si pa mzaha. Pwani haijasahau tarehe 29 Aprili 1994, pale kivuko cha Mtongwe kilipozama na watu 272 wakafa. Wengi wao walikuwa wakienda kazini.

Lipo jambo jingine ambalo tungependa kulinyamazia lakini halinyamaziki, kwa kuwa ni letu wenyewe. Siku ya Ijumaa, adhana inapokaribia, magari huegeshwa katika vichochoro vinavyoelekea misikitini mpaka mtu hana pa kupitisha goti. Mzee mwenye bakora, ambaye kila hatua yake kuelekea msikitini ina ujira, hulazimika kuteremka barabarani na kupita katikati ya pikipiki. Aliyemzibia njia naye yumo msikitini, safu ya mbele, kwa kuwa aliwahi. Katika mafundisho tunayoyajua sote, kuondoa chenye kudhuru njiani kumehesabiwa kuwa ni katika imani. Basi kukiweka njiani kuhesabiweje?

Tunajua majibu yatakayokuja. Jua la Mombasa ni kali. Mtu hawezi kufika afisini kanzu imelowa. Ni kweli, lakini jua hili liliwakuta wazee wetu pia, na wao walipita chini ya miarobaini na mikungu. Miti hiyo mingi imekatwa ili barabara ipanuliwe kwa ajili ya magari, kisha twaambiwa kuna joto mno kutembea. Watasema tena kuna wagonjwa, kuna wazee, kuna wenye watoto sita. Hao motokaa ni haki yao, na kama barabara ingepunguziwa wale wasio na dharura, mgonjwa angefika hospitali mapema zaidi. Watasema kuna wezi alfajiri. Hilo ndilo jibu lenye uzito, nalo dawa yake ni taa za barabarani na askari wa kutembea.

Dar es Salaam wamejaribu. Tangu 2016 mabasi ya mwendokasi yamepita katika njia yake peke yake kutoka Kimara mpaka Kivukoni, na pembezoni pakatengwa njia ya baisikeli na ya waendao kwa miguu. Mwenye gari la fahari hukaa katika foleni akiliangalia basi la watu wa kawaida likimpita. Kisha mabasi yakawa machache kuliko abiria, na msukumano ukarudi vituoni, na malalamiko yamekuwa mengi. Yafaa viongozi wa Mombasa wayasome mambo yote mawili kabla ya kutujengea chochote: njia peke yake haitoshi bila ya mabasi, na mabasi hayatoshi bila ya njia.

Lakini si lazima tungojee mamilioni ya wafadhili. Ipo njia moja ambayo serikali ya kaunti yaweza kuanza nayo: kutoka kivukoni Likoni, kufuata Nyerere Avenue, Digo Road na Abdel Nasser, mpaka Daraja la Nyali. Ndiyo njia ya maelfu ya watu kila asubuhi. Sehemu nyingi kando yake tayari pana nafasi ya mtu kutembea na baisikeli kupita. Kilichoiziba ni magari yaliyoegeshwa, mabango ya maduka na vifusi vya ujenzi. Wachuuzi wapangiwe mahali pao kwa mazungumzo, maana nao ni watu wa miguu wanaotafuta riziki, wala wasifukuzwe kwa marungu. Matatu zipewe vituo na zilazimishwe kusimama hapo. Miti ipandwe upande wa jua la alasiri. Na magari yaliyo juu ya njia ya miguu yaondolewe, kwanza yale ya wakubwa, Jumatatu asubuhi, watu wakiona.