Mwili Usifungwe Lumbesa

Pembeni ya soko la Mbalizi, Mbeya, kijana anayetaka kuonekana ana nguvu hujitwisha gunia ambalo wenzake wamelikwepa. Jioni anarudi uani kwao na kuendelea na mchezo uleule: makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, bomba la chuma katikati, uzito ambao hakuna aliyewahi kuupima. Akiunyanyua mara tatu, mgongo umepinda, anapigiwa makofi.

Makofi hayo yamebeba imani iliyoenea mno, kwamba nguvu hupatikana kwa kuanza na kizito kuliko vyote. Ni imani potofu, na wanaoilipia ni vijana wanaoshika viuno kabla hawajafika miaka 30.

Ubaya wa kupitiliza mzigo wakulima wa Mbeya wanaujua vizuri. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imepigwa vita miaka na miaka kwa kuwa inamdhulumu mkulima. Mbona mwili ukifungwa lumbesa hakuna anayeutetea?

Ketobeli, lile tufe la chuma lenye mshikio kama wa birika, lina asili inayoihusu Mbalizi kuliko watu wanavyodhani. Lilianza Urusi kama jiwe la mizani la kupimia nafaka. Kipimo chake kilikuwa pudi, yaani kilo 16 na ushee. Wachuuzi na wakulima wakaanza kushindana kunyanyua mawe hayo, na mwaka 1885 daktari Vladislav Kraevsky akaanzisha kikundi cha wanyanyua vyuma huko St Petersburg. Hadi leo ngazi zinazojulikana zaidi ni kilo 16, 24 na 32. Chuma hicho kilizaliwa sokoni, kikiwa na uzito unaojulikana, na hapo ndipo kopo la zege linaposhindwa.

Lakini hata ngazi hizo zina mtego. Kutoka kilo 16 kwenda 24 ni kuongeza nusu nzima ya mzigo. Mwenye haraka hurukia huko wiki ya tatu kwa sababu anajisikia imara, na kweli ameongezeka nguvu, ila sehemu kubwa ya nguvu hizo za mwanzo hutokana na neva kujifunza kuiamuru misuli. Kano huchelewa. Ndiyo maana bega hulalamika wakati mwenyewe bado anajisifu.

Watafiti wa Boston walioripoti matokeo yao mwaka 1990 waliwafanyisha mazoezi ya mapaja wazee kumi dhaifu wa miaka 86 hadi 96. Mzigo wa kila mmoja ulitokana na uwezo wake mwenyewe: wiki ya kwanza nusu ya kile alichoweza kunyanyua mara moja, kisha ukapandishwa hadi asilimia 80. Baada ya wiki nane, nguvu za waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mzigo wao ulikuwa mzito kwao, lakini ulikuwa umepimwa.

Kwa hiyo familia ya Mbalizi isingoje pesa ya seti nzima ya ketobeli. Dumu lipo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mzigo unaweza kuongezwa kilo mojamoja. Lita moja ya mchanga mkavu ina takriban kilo 1.6, dumu la lita 5 linakuwa kama kilo 8, la lita 10 kama 16, pudi ileile ya Warusi. Linafaa kuchuchumaa nalo, kulivuta hadi ubavuni, kutembea nalo. Kulirusha kwa kasi hapana, mshikio wa plastiki unaweza kukatika. Mwenye presha amwone daktari kwanza, na asibane pumzi anaponyanyua.

Chuma halisi kinunuliwe kimoja, na cha pili kije baada ya miezi. Na yale makopo ya zege yasitupwe: yapelekwe sokoni asubuhi, yawekwe kwenye mizani, kilo zake ziandikwe ubavuni kwa rangi.