Mwalimu apande basi la watoto
NJIA PANDA, na Zainabu Mhina

Ukiambiwa na mwalimu wa awali kwamba mwanao hana maneno, usikubali haraka. Mfuate jioni nyuma ya vibanda vya Segera. Watoto wamepanga mawe mistari miwili, hilo ndilo basi. Dereva ameshika mfuniko wa ndoo. Na konda anayeita Korogwe, Mombo, Same, Moshi, bila kuruka kituo, ndiye yule asiye na maneno. Abiria anadai chenji, ambayo ni majani ya mwembe. Konda anakataa, wanabishana, wanaelewana, safari inaendelea.

Darasani mtoto huyo anainamisha kichwa kwa sababu kazi yake kubwa ni kuitikia a, e, i, o, u pamoja na wenzake. Kwenye basi alikuwa na jambo la kusema na mtu wa kumjibu.

Hali ni ngumu zaidi kwa watoto wa vijiji vya ndani ya Handeni waliokulia kwenye Kizigua. Mtoto akichekwa mara moja kwa Kiswahili chake, anafunga mdomo. Mchezoni anataka kushuka, basi atasema ashuke, hata kwa kuchanganya lugha, na wenzake watamwelewa.

Ndiyo maana namwomba mwalimu apande basi hilo. Akae kwenye jiwe, aseme: "Konda, mimi nashuka Hale." Hale iko njia ya Tanga, na basi linakwenda Moshi. Sasa konda lazima afikiri, amweleze mtu mzima kwa adabu kwamba amekosea gari, amwonyeshe pa kushukia. Hakuna zoezi la ubaoni litakalomtoa mtoto maelezo marefu namna hiyo.

Serikali haipingi jambo hili. Mtaala wa awali unataka watoto wajifunze kwa michezo, na programu ya taifa ya malezi na makuzi, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021, imetaja ujifunzaji wa awali kati ya nguzo zake tano. Wanaokwamisha mara nyingi ni sisi wazazi. Tunapekua daftari, tukikuta kurasa tupu tunasema mtoto ameshinda akicheza, na mwalimu anarudi kwenye kunakilisha ili turidhike.

Kikao cha wazazi kijacho, daftari zibaki kwenye mikoba. Tumuulize mwalimu watoto wanacheza saa ngapi, anawauliza nini wakicheza, na kama darasa limemzidi, nani kati yetu atakwenda kumsaidia.