Kabla ya farasi, mbung'o

Na Amisi Ramazani

Mpwa wangu anachimba dhahabu upande wa Salamabila. Juma lililopita alinitumia picha ya mtoto wa farasi, rangi ya kahawia, miguu mirefu, amejibanza ubavuni mwa mama yake. Akaniandikia: "Mjomba, bei nimeshapewa. Nataka nimlete Kabambare nimlee mwenyewe, anizoee tangu udogo."

Nilifurahi. Vijana wengi wakipata pesa ya mgodi huimaliza palepale mgodini, na huyu anawaza kulea. Tena amejifunza. Anajua kwamba mtoto wa farasi huachishwa ziwa akiwa na miezi sita hivi, kwamba hapandwi hata atimize miaka mitatu au minne mifupa ikiwa imekomaa, kwamba kwato zake hukatwa kila baada ya wiki sita hadi nane, na kwamba farasi akikaa peke yake bila mwenzake huhangaika. Yote hayo ni kweli. Lakini katika maneno yake yote sikuona jina la mbung'o.

Mwaka 1866 mpelelezi Livingstone alishuka Mikindani akiwa na ngamia sita, nyati wa kufugwa kutoka India watatu na ndama wao, nyumbu wawili na punda wanne. Alitaka kujua ni mnyama gani atakayeweza kupita katika nchi ya mbung'o. Safari haikwenda mbali, wanyama wakaanza kufa. Yeye aliwalaumu zaidi askari wake waliowapiga na kuwachosha. Alipofika kwetu Kabambare mwaka 1869 alikuwa anatembea kwa miguu, na mwaka uliofuata vidonda vya miguu hiyo vilimlaza hapo karibu miezi mitatu.

Mpelelezi mwingine, Stanley, alipita Kabambare Oktoba 1876 na punda wa kupanda. Ameandika kwamba walikuwa wa kwanza kuonekana Maniema, na kwamba watu waliwashangaa kuliko walivyowashangaa Wazungu. Kisha Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, na watu wake walikaa Kasongo miaka mingi. Mpunga wao tunaula hadi leo, na lugha yao ndiyo hii ninayoiandika. Lakini farasi sijamwona katika teritware yetu maisha yangu yote.

Sababu ilijulikana mwaka 1895, David Bruce alipogundua kule Zululand kwamba nagana, ugonjwa uliokuwa ukimaliza ng'ombe, hutokana na kijidudu cha damu kinachobebwa na mbung'o. Ng'ombe akiupata anaweza kuvumilia miezi. Farasi havumilii. Homa humpanda na kushuka, tumbo na miguu huvimba, ufizi hupauka, naye hukonda huku bado anakula, hadi siku hawezi kusimama. Ile sindano ya berenili ambayo wachungaji wa ng'ombe hutembea nayo inahitaji mkono wa veterineri kwa farasi, maana kipimo kikizidi kidogo tu dawa yenyewe humdhuru.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua mtamba. Nilimleta kwa miguu kutoka upande wa Fizi, nikamfunga karibu na kijito ili apate maji na majani mabichi. Nilidhani nimemchagulia pahali pazuri kuliko pote. Kumbe mbung'o wetu hukaa hapo hapo, kwenye kivuli cha miti ya kando ya maji. Aliishi miezi minne. Watoto wangu walikuwa wamempa jina.

Kijito hicho ndicho wake zetu wanapolowekea mihogo, ndipo watoto wanapooga. Malale ya watu katika kusini ya Maniema hutokana na mbung'o pia. Tumshukuru Mungu, siku hizi iko dawa ya vidonge, fexinidazole, inayomezwa siku kumi. Majaribio yake makubwa yalifanyika hapa nchini Kongo, yakiongozwa na Daktari Victor Kande. Lakini kidonge humtibu aliyekwisha kuumwa. Mdudu anabaki kijitoni akimngoja mwingine.

Na mdudu huyu anaweza kushindwa. Mbu hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o jike huzaa buu mmoja tu kila baada ya siku tisa au kumi, akamweka kwenye udongo wenye kivuli. Ukiua majike wachache kila siku, uzao wao unarudi nyuma haraka. Unguja waliwamaliza kabisa: waliwapunguza kwanza kwa dawa na mitego, kisha wakamwagia kisiwa, kwa ndege, madume waliofugwa Tanga na kuondolewa uwezo wa kuzalisha. Mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Sisi hatuna bahari ya kutuzunguka. Tukiwaua kwenye mto Luama, wengine watakuja kutoka mto Lualaba. Kwa hiyo sisemi tuwamalize. Nasema tuwapunguze pale tunapochota maji, na hilo halingoji ndege wala serikali ya Kinshasa. Mtego ni kitambaa cha buluu kinachomvuta na kitambaa cheusi anachotua juu yake, kikiwa kimelowekwa dawa ya jamii ile ile inayotiwa kwenye vyandarua vya mbu.

Mpwa wangu, usimlete mtoto huyo wa farasi. Utamtoa kwa mama yake aje afie mikononi mwako kabla hajafika umri wa kupandwa. Chukua sehemu ya pesa hiyo ununue mbuzi majike wa hapa hapa, hawa wafupi, ambao damu yao imezoea mbung'o tangu mababu. Sehemu nyingine nunua kitambaa.

Na wewe fundi cherehani wa soko la Kasongo unayesoma safu hii: mtego wa kwanza nitaulipia mimi, utundikwe pale kijitoni alipokuwa amefungwa mtamba wangu. Mganga mkuu wa zoni ya afya namwomba atupatie dawa ya kuulowekea na mtu wa kutuonyesha namna ya kuutundika. Machifu wa Kabambare, hesabuni vijito ambako watu wenu wanaloweka mihogo, mniletee idadi.