Nchi ya Ng'ombe Inayongoja Nyama ya Msaada

  

Kila unapokaribia mwezi wa Dhul-Hijja, katika misikiti mingi ya Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega huanza jambo ambalo limezoeleka hata halimshangazi mtu tena. Simu hupigwa Mwanza na Dar es Salaam, na swali huwa moja: mwaka huu wafadhili wa udhiya wametupangia ng'ombe wangapi? Majina ya wapokeaji huandikwa. Siku ya Idi hutundikwa bango la taasisi ya nje, watu hujipanga nyuma ya mnyama, na picha hupigwa ili ipelekwe kwa aliyetoa. Na ng'ombe mwenyewe katoka wapi? Kanunuliwa mnadani, mwendo mfupi tu kutoka msikitini, kwa fedha iliyotumwa kutoka Uturuki au nchi za Ghuba. Mara nyingine aliyemuuza ni Muislamu wa msikiti uleule, naye yumo katika safu ya wanaongoja fungu la nyama.

Ndugu Waislamu, nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na Usukuma ni miongoni mwa maeneo yanayotajwa mwanzo pale ng'ombe wanapotajwa. Mkoa huu wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kuunganisha sehemu za Shinyanga na Mwanza, ndio unaoongoza kwa pamba Tanzania nzima. Vipi basi jamaa ya Waislamu wanaoishi katikati ya mifugo na pamba wakafikia kuamini kuwa sunna ya kuchinja haisimami ila atoke mtu wa Istanbul awachinjie?

Tunaomba tueleweke vyema. Hatusemi kuwa kupokea ni haramu. Mtume (s.a.w.) alipokea hadiya, hata kutoka kwa Muqawqis, mtawala wa Misri, ambaye hakuwa Muislamu. Wala hatuwalaumu wanaotoa. Wao wanatimiza wajibu wao na malipo yao yako kwa Mola wao. Wala hatuandiki haya kwa kuona kila mradi wa Mzungu kuwa ni njama. Hoja yetu ni juu yetu sisi tunaopokea, na yale ambayo kupokea kwa miaka hamsini kumeyafanya ndani ya nafsi zetu.

Tuanze na maji, maana hapo historia iko wazi. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka ishirini wa maji vijijini, kwamba kufikia 1991 kila mwananchi apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka kwake. Wafadhili wakaja na kugawana mikoa. Waholanzi walichukua Shinyanga, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Bariadi, Maswa na Meatu, na kati ya 1974 na 1978 wakachimba mamia ya visima vifupi vyenye pampu za mkono. Waswidi wakaja na HESAWA mwaka 1985 katika mikoa ya Mwanza, Mara na Kagera. Busega ya leo ilikuwa bado ni sehemu ya Magu, mkoani Mwanza. Mradi ule ukafungwa mwaka 2002. Watu walikunywa maji, na hilo ni kheri isiyokanushwa. Lakini mwaka 1991 ulifika na kupita, na vituo vya maji vijijini vilipohesabiwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilionekana kuwa takribani vinne katika kila kumi havitoi maji.

Sababu haikuwa kukauka kwa ardhi peke yake. Pampu ya mkono ina mipira, fimbo za chuma na valvu, na vyote hivyo huchakaa. Aliyeijenga pampu aliondoka nayo funguo za kuifungulia, duka la vipuri liko mbali, na mfuko wa kamati ya maji una makaratasi tu. Wanakijiji walipoulizwa kwa nini hawatengenezi, katika vijiji vingi jibu lilikuwa moja: kisima ni cha Waholanzi, kisima ni cha HESAWA. Jina la mwenye mali lilibaki kuwa la mtu aliyekwisha kwenda kwao.

Je, sisi watu wa msikiti tumejifunza? Mwandishi wa makala hii alisimama katika msikiti mmoja kando ya njia itokayo Lamadi kwenda Bariadi, msikiti ambao hatutautaja, kwa ajili ya swala ya Adhuhuri. Uwanjani kuna kisima kizuri, kimesakafiwa, na ukutani kuna kibao cha marumaru chenye jina la marehemu wa Ghuba ambaye watoto wake walitoa sadaka ile kwa niaba yake. Mpini wa pampu ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani. Tulitia udhu kwa maji yaliyoletwa kwa baiskeli katika madumu. Tulipouliza, mzee mmoja alitujibu kwa upole: "Tumekwisha kuwaandikia." Kumwandikia nani? Watoto wa marehemu. Kwa ajili ya nini? Mipira ya pampu. Baada ya swala tukatoka nje, na ng'ombe wa waumini waliokuwa wamesujudu pamoja nasi walikuwa wakipita barabarani, kundi baada ya kundi, vumbi likitufunika.

Huu ndio ugonjwa tunaouzungumzia. Hauna dini wala rangi. Aliyekuwa akimngoja Mswidi jana ndiye anayemngoja Mkuwaiti leo, na tofauti ni lugha iliyoandikwa kwenye kibao.

Tena mlango wa mfadhili hufungwa na mwenye mlango, siku aipendayo yeye. Januari 2004 matawi ya Al-Haramain ya Kenya na Tanzania yalitiwa katika orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa. Hatujadili hapa uadilifu wa uamuzi ule, ingawa tunao la kusema. Tunachosema ni kuwa uamuzi ulipitishwa New York, na hakuna imamu hata mmoja wa Afrika Mashariki aliyeulizwa. Kisha, ili mtu asidhani kuwa hayo huwapata Waislamu tu, tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Huduma za UKIMWI katika nchi yetu zilikuwa zimeegemea fedha za Marekani tangu mpango wa PEPFAR ulipoanzishwa mwaka 2003. Watumishi wa miradi wakaambiwa wakae nyumbani. Mwezi Februari mwaka huohuo Uingereza nayo ikatangaza kuwa itapunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato lake la taifa ifikapo 2027, ili fedha ziende kwenye ulinzi. Wana haki. Ni mali yao.

Watasema baadhi ya wasomaji: mbona makanisa yanapokea na yameendelea? Tumekwisha kuandika mara nyingi juu ya makubaliano ya mwaka 1992 baina ya Serikali na makanisa, na bado tunaona kuwa swali la uadilifu baina ya raia halijajibiwa. Lakini hebu tuseme ukweli ulio mchungu. Muislamu anayelalamikia makubaliano yale kwa zaidi ya miaka thelathini, naye katika miaka yote hiyo hajatoa zaka ya ng'ombe wake hata mara moja, analalamikia haki ya watu aliyoikalia yeye mwenyewe zizini.

Na hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen, alimfundisha kuwa zaka ichukuliwe kwa matajiri wa watu wale na irudishwe kwa mafukara wao. Irudishwe kwa mafukara wao! Haikuambiwa Yemen ingoje Madina. Tena katika mapokezi hayohayo ya Muadh ndimo tulimopata hukumu ya ng'ombe: katika kila thelathini, ndama mmoja aliyetimiza mwaka, na katika kila arubaini, mtamba aliyetimiza miaka miwili. Mafundisho haya yalipewa watu wafugaji, kama kwamba yaliandikiwa Meatu na Itilima. Mwenye ng'ombe sitini wanaojilisha malishoni, waliotimiza mwaka mikononi mwake, anadaiwa ndama wawili. Mwenye mia mbili anadaiwa mitamba mitano. Hawa si wake tena. Ni wa mjane aliye nyuma ya nyumba yake, na wa mwenye deni anayekimbia kivuli chake.

Ni Waislamu wangapi wa Simiyu wenye ng'ombe thelathini? Kila msikiti unawajua wake kwa majina. Na ni wangapi kati yao waliowahi kuulizwa na imamu wao? Khutba za Ramadhani huzungumzia zakatul-fitri, kilo mbili na nusu za mchele au unga, na mtu akishaitoa hujiona amemaliza deni lake. Zaka ya mali haitajwi, kwa sababu imamu anakula kwa wenye ng'ombe na anaona haya. Tunasema haya kwa uchungu, maana maimamu ni ndugu zetu na wengi wao hawana mshahara.

Kadhalika mazao. Mahindi, mtama na mpunga vikifika wasaq tano, yaani kiasi cha kilo 650, vinatolewa sehemu moja ya kumi kwa kilichonyeshewa na mvua, na nusu ya hiyo kwa kilichomwagiliwa kwa gharama. Pamba wanazuoni wamekhitalifiana. Abu Hanifa aliwajibisha zaka katika kila kinachopandwa, na Imamu Shafi alihusisha chakula kinachowekwa akiba. Basi mwenye kufuata kauli ya Shafi asifurahi haraka: fedha ya pamba aliyolipwa ikibaki kwake mwaka mzima nayo imefika kiwango, inatolewa asilimia mbili na nusu kama fedha nyingine yoyote.

Kuna wanaosema: sisi Waislamu wa huku ni wachache na ni maskini, haya ni ya watu wa Pwani. Hoja hii haisimami mbele ya historia ya nchi hii yenyewe. Wasukuma walipochoshwa na wezi wa mifugo mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliunda sungusungu pasipo mfadhili yeyote wa kuwanunulia hata filimbi (na dhulma zilizotendeka ndani ya sungusungu hatuzitetei). Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 kuokoa ardhi ya Shinyanga iliyokuwa ikigeuka jangwa, fedha za Norway zilikuwamo. Lakini kilichorudisha miti kilikuwa ni ngitili, desturi ya mababu ya kutenga malisho yapumzike hadi kiangazi. Mradi ukafungwa mwaka 2004, na ngitili zilizokuwa zimebaki hekta mia chache zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000. Msaada ule ulikuta watu wana lao mkononi.

Leo kuna mradi mkubwa wa kuyaleta Simiyu maji ya Ziwa Viktoria. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliuidhinishia mwaka 2017 zaidi ya yuro milioni 100, na Ujerumani imetia fungu lake kupitia benki yake ya KfW. Miaka ilipita kati ya idhini hiyo na kuanza kwa ujenzi. Tunaupokea kwa shukrani. Lakini bomba kuu likipita mbele ya msikiti, nani atalipia kuunganishwa kwa msikiti na madrasa? Nani atalipa ankara ya kila mwezi? Au tayari kuna barua inayoandikwa?

Rai yetu ni hii. Mwezi wa Shaaban kila kamati ya msikiti iandike majina ya waumini wenye nisabu ya mifugo, mazao au fedha, iwaendee nyumbani watu watatu waaminifu pamoja na imamu, na wahesabu pamoja. Zaka igawiwe hapohapo kijijini kwa makundi yaliyotajwa katika Surat Tawba, aya ya 60. Isichanganywe na ujenzi, kwani wanazuoni wengi hawaruhusu zaka kuchimbiwa kisima. Kisima kina njia yake, nayo ni wakfu. Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma kwa mali yake na akakiacha kwa Waislamu. Watu kumi wakitoa mtamba mmoja mmoja, kundi hilo likawekwa wakfu kwa mchungaji mwaminifu, madume yanayozaliwa yakauzwa kila mwaka na fedha ikaandikwa katika daftari linalosomwa mbele ya jamaa baada ya Ijumaa, hakuna mpira wa pampu utakaongojwa kutoka ng'ambo. Bei ya mnyama mmoja mnadani inazidi gharama ya vipuri hivyo.

Msikiti ule wa njia ya Lamadi tumeuandikia barua yenye rai hii, tukiwataja kwa majina, kwa idhini yao, watu saba wa jamaa yake wenye nisabu ya ng'ombe. Jibu likifika tutalichapa katika toleo lijalo, vyovyote litakavyokuwa.