Bikoni ya Jirani

Ndugu zangu wa Lamu, wa visiwani na wa bara, wa Faza, Kiunga, Hindi na Mpeketoni,

Musa, akiwa ukingoni mwa nchi ambayo mwenyewe hakuruhusiwa kuingia, aliwataka Waisraeli wakate shauri: wamtii Mungu waishi, au wamkaidi waangamie. Tukihubiriwa habari hiyo kanisani tunawaza pombe na uzinzi. Lakini kitabu hichohicho, Kumbukumbu la Torati, kinakataza waziwazi kuhamisha mpaka wa shamba la jirani. Kwa sisi wa Lamu, mtihani wetu uko hapo.

Mnaikumbuka Juni 2014. Watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu, na Al-Shabaab wakajigamba kuwa ni kazi yao. Tukaanza kutazamana kwa jicho la dini na kabila. Mwezi uliofuata, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zifutwe hati za ekari zipatazo 500,000 za hapa Lamu zilizogawiwa kampuni 22. Ekari nusu milioni! Sisi tulikuwa tukibishana nani mwenyeji na nani mgeni, kumbe wenye kalamu walishamaliza kugawana.

Waislamu wenzetu sitawahubiria Torati; wanaye mwalimu wao. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyaona magofu ya Pate, akatunga utenzi wa Al-Inkishafi kuukemea moyo wake mwenyewe uliohadaiwa na dunia. Alianza na nafsi yake, si na jirani.

Nasi tuanzie hapo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaipa jamii haki ya kusajili ardhi yake, ikiwa na kamati ya watu 7 hadi 15 waliochaguliwa na wanajamii wenyewe. Hudhurieni mikutano ya kuichagua kamati hiyo, akina mama na vijana nanyi pia; msiwaachie wakubwa watatu waliozoea kukaa mbele. Anayekalia shamba la mtu aliyekimbia vita amrudishie. Wachungaji na maimamu, mchango mnono uliotokana na ardhi ya dhuluma ukataeni mbele ya watu wote. Nanyi wazee, mkiitwa kushuhudia, semeni mlichokiona hata kama atakayeumia ni mwanenu. Anayejua bikoni ya mpaka iling'olewa usiku gani na nani, aje barazani aseme, sasa, kabla mashahidi hawajazikwa.